Raundi si ofa: barua ya asiyekunywa anayealikwa pabu

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni kijana wa miaka 27, mzaliwa wa Iringa. Tangu Septemba niko Leeds, kaskazini mwa Uingereza, nasomea shahada ya pili ya mambo ya maji. Sijawahi kuonja pombe. Kanisani tulifundishwa hivyo, lakini sababu kubwa ni baba. Marehemu alikuwa seremala hodari sana. Alipokuwa hana kazi tulikula kwa kubangaiza, na alipolipwa hatukula kabisa, maana fedha ilipitia baa kwanza. Mimi ndiye mama aliyekuwa akinituma kwenda kumtoa. Nilikuwa na miaka tisa. Mpaka leo nikisikia harufu ya bia iliyomwagika sakafuni najiona nimesimama kwenye ule mlango, sijui niingie au nimsubiri nje.

Sasa huku kila jambo linafanyika pabu, yaani zile baa zao za mtaani. Mtu akitimiza miaka, pabu. Mtihani ukiisha, pabu. Hata mwalimu wetu mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, alitualika pabu tujadili utafiti. Darasani tuko wanne tulioshikamana: mimi, kaka mmoja Mwingereza, dada wa Ugiriki na kijana wa Nigeria. Ni watu wema na wananijali.

Mara ya kwanza nilikubali ilikuwa Oktoba. Nilifika kabla yao, nikachagua meza, nikakaa kumsubiri mhudumu. Nilikaa dakika arobaini, hakuna aliyenijia, nikaanza kuona kwamba sitakiwi pale. Wenzangu walipofika mmoja akaniletea soda. Baadaye mwingine akaniletea tena, na mwingine tena. Nilishukuru, nikajua wananipa ofa, na kama bili itakuja mwishoni nitachangia kama tunavyofanya nyumbani. Bili haikuja. Saa tatu nikaaga. Wiki iliyofuata yule Mwingereza akasema mbele ya wenzetu kwamba mimi huondoka zamu yangu ikikaribia. Wakacheka. Nikacheka nao, lakini sikujua ni zamu gani, na neno lile lilinikaa kifuani siku nyingi.

Mara ya pili ilikuwa Desemba, Jumamosi usiku, baa moja ya katikati ya mji. Baunsa aliwapitisha Mwingereza na Mgiriki bila neno. Mimi akaniomba kitambulisho. Nilikuwa na kadi ya chuo tu, akaikataa. Niliwaambia wenzangu waingie, nikarudi peke yangu kwa miguu. Ilikuwa imepita saa tano usiku. Njiani niliona wasichana wanatembea pekupeku kwenye lami yenye maji, viatu mkononi, kijana anatapika kituo cha basi, na wanaume wawili wanapigana huku wenzao wakiwashangilia. Nikajiuliza kama haya ndiyo ninayoalikwa.

Pasaka hii wamepanga safari ya siku tisa kwa treni: York, Newcastle, kisha Edinburgh. Mchana ni makanisa na ngome, lakini kila jioni ni pabu, na orodha wameshaiandika. Natamani sana kuiona miji hiyo, na sitaki kufungiwa hosteli peke yangu kila ikifika saa kumi na mbili. Pia nilimwahidi mama kwamba pombe haitaingia mdomoni mwangu, na ahadi hiyo naitunza. Je, niende nao? Nikienda nakunywa nini, na nakaaje bila kuonekana mchoyo au mshamba? Na yule baunsa, Mjomba, alinikatalia kadi au alinikatalia rangi?

Asiyeonja, Leeds

*

Marahaba, mpwa wangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nilikwama pale mlangoni, kwa yule mtoto wa miaka tisa. Nianze naye huyo, maana mambo ya kaunta na mabaunsa yanafundishika kwa jioni moja.

Hulazimiki kuingia. Wenzako wasikulazimishe, wala hamu ya kujua mila za watu isikulazimishe, wala mimi, ingawa nitakueleza hapa chini kwa nini nazipenda pabu. Kiswahili chetu kinaandika mahali pa kuuzia pombe na janga kwa herufi zile zile, baa na baa, na nyumbani kwenu mlizijua maana zote mbili kwa pamoja. Siku ukiingia na moyo ukaanza kwenda mbio, simama utoke. Pabu nyingi zina ua au bustani nyuma. Hewa ya nje na dakika tano zinaweza kutosha, na zisipotosha nenda zako. Ila waambie wenzako mapema, mchana, mkiwa hamna glasi mbele yenu: baba yangu aliumizwa na pombe, kwa hiyo siinywi, lakini kukaa nanyi napenda. Sema mara moja tu. Waingereza ni wagumu kuuliza habari za ndani ya mtu, lakini ukiwaambia wenyewe huliheshimu jambo hilo kuliko unavyodhani.

Na kuna hili. Uingereza kuna shirika liitwalo Nacoa, lilianzishwa 1990 kwa ajili ya watu waliolelewa na mzazi mlevi, wawe watoto au watu wazima kama wewe. Wanasikiliza kwa simu na kwa barua pepe bila malipo. Iko pia mikutano ya Al-Anon, ya ndugu na jamaa wa walevi. Sikwambii haya kwa sababu naona una kasoro. Miaka kumi na minane ni mingi mno kusimama mlangoni peke yako.

Sasa tuingie ndani.

Mimi niliokota glasi katika pabu moja ya York kwa miaka miwili, kuanzia 1996, kisha nikapandishwa nyuma ya kaunta. Siku ya kwanza nilichukua glasi iliyokuwa na bia nusu, imefunikwa na kile kikaratasi kigumu cha kuwekea glasi. Mzee mmoja akatoka msalani akakuta meza tupu. Hakunifokea. Alinieleza taratibu kwamba kikaratasi kikiwa juu ya glasi, mwenyewe yupo na anarudi. Ndipo nikajua kwamba mle ndani kuna sheria nyingi zisizoandikwa popote, na mgeni huonekana hana adabu kwa sababu hakuna aliyemwambia. Wewe ulikutana na mbili kwa usiku mmoja.

Ya kwanza ni ile meza. Katika pabu ya kawaida mhudumu hakufuati. Wewe ndiye unayekwenda kaunta, unaagiza, unalipa papo hapo, unabeba mwenyewe. Foleni ipo ila haionekani: anayeuza anakumbuka nani alifika kabla ya nani, na wateja wenyewe wanakumbuka pia. Usipunge noti, usiite, usipige vidole. Simama umtazame usoni, inatosha. Akikujia kabla ya zamu yako mwonyeshe aliyetangulia. Kwa tendo hilo moja utakuwa umeshajitambulisha kwa kaunta nzima. Kumwachia chenji si desturi, ingawa ukipenda kumshukuru unaweza kumwambia achukue na chake kimoja kwenye hesabu yako. Chakula pia mara nyingi huagizwa pale pale, nawe unataja namba ya meza. Kwa hiyo zile dakika arobaini hukutengwa na mtu, mpwa wangu. Walikuwa wanakusubiri wewe.

Ya pili ndiyo iliyokuumiza. Kwetu mtu akikuletea kinywaji amekupa ofa, na ofa haidaiwi. Kule ni raundi, na raundi ni upatu. Fikiria mama zetu na mchezo wao wa kupeana: wako wanne, kila mmoja anatoa kwa zamu, na mwisho kila mmoja amepokea sawa na alichotoa. Nanyi mlikuwa wanne. Mmoja alinunua kwa ajili ya wote, akafuata wa pili, akafuata wa tatu. Ulikunywa mara tatu, ukaaga, na zamu ya nne ilikuwa yako. Machoni pao ulipokea upatu ukahama mtaa. Si kwamba hizo pauni ziliwauma. Kinachowauma ni zamu iliyokatika, kwa sababu zamu ndiyo inayowafanya watu wanne waliokaa mezani wawe kundi moja. Na hapa ndipo penye faraja yako: hakuna katika upatu huo anayetazama ndani ya glasi yako mna nini. Anayekunywa maji na akatoa zamu yake ni mwenzao kamili, kuliko anayelewa kwa fedha za wengine.

Kwa hiyo uwe wa kwanza. Mkifika tu, kabla hawajavua makoti, uliza kila mtu anakunywa nini, uende kaunta. Ukiondoka saa tatu huna deni, na huna haja ya kueleza kwa nini unaondoka. Najua ni gharama: painti moja ya bia, yaani mililita 568, mara nyingi hupita pauni 5, na soda yako ni nusu ya hapo au chini yake, kwa hiyo katika upatu huu asiyekunywa hutoa zaidi ya anachopokea. Kwa siku tisa mfululizo mfuko wa mwanafunzi hautastahimili. Siku nyingine sema mwanzoni kabisa, kabla ya glasi ya kwanza, kwamba leo unajinunulia mwenyewe. Hilo linakubalika bila kinyongo. Kibaya ni kupokea kwanza na kusema baadaye. Na wakipendekeza kibubu, kila mtu atie noti sawa halafu mnywe kutoka humo, wewe kataa kwa upole, maana utakuwa unawanunulia bia tangu mwanzo hadi mwisho.

Yule Mwingereza mwelekeze ulivyodhani. Mwambie kwetu kuna ofa na kuna bili ya mwisho, nami nilisubiri bili. Ataona haya kuliko wewe.

Kuhusu cha kunywa, sikiliza vizuri, kwa sababu ahadi ya mama inaweza kuvunjika kwa kutojua majina. Saida ya Uingereza ni pombe. Si maji ya tofaa; ni tofaa lililochachushwa, na nyingine ni kali kuliko bia. Shandi ni bia iliyochanganywa na soda. Bia ya tangawizi kwa kawaida ni soda tu, ila zipo chupa zilizotiwa pombe, kwa hiyo ulizia. Limonadi yao si ndimu iliyokamuliwa kama yetu, ni soda nyeupe ya kawaida, haina neno. Bia zisizo na kilevi sasa ziko karibu kila kaunta, lakini tazama namba kwenye chupa: ipo 0.0 na ipo 0.5, na hizo si kitu kimoja kwa mtu aliyeapa. Mimi kwa hali yako ningeziacha zote mbili. Ladha na harufu ni ile ile, na wewe harufu ndiyo inayokurudisha nyuma. Hata jikoni kuna mtego: pai ya nyama mara nyingi hupikwa na bia, na unga wa kukaangia samaki huweza kukorogwa na bia. Uliza tu, hawachoki kujibu.

Kinywaji nilichowauzia sana madereva na wajawazito ni sharubati ya ndimu iliyomiminiwa maji ya soda katika glasi kubwa. Mara nyingi ndicho cha bei ya chini kabisa pale kaunta, hakichoshi tumbo, na glasi yake inajaa mkononi. Chai na kahawa zipo pia, pabu nyingi hufungua mapema na kuziuza. Na maji ya bomba baridi ni haki yako bure. Sheria inaitaka nyumba inayouzia watu pombe ya kunywa pale pale iwape maji wakiomba. Naona wengi wetu tunaona haya kuomba maji ya bure kwenye nyumba ya biashara. Wewe omba.

Sasa yale uliyoyaona usiku. Pabu ya saa kumi na moja jioni na mji wa saa sita usiku ni mambo mawili, ingawa yote yanatoka kwenye pipa moja. Pabu ni kifupi cha maneno yenye maana ya nyumba ya watu wote, na ukiingia mapema utaona kwa nini. Kuna mzee na mbwa wake, kuna mama na binti wanakula, kuna vijana wa ofisini, kuna mtu peke yake na gazeti. Hakuna anayefukuzwa kwa kukaa saa mbili na glasi moja. Aliyekulia pwani atakumbuka baraza la mawe na kahawa ya vikombe vidogo, jinsi mtu asiye na shughuli anavyokaa na kusikiliza akahesabiwa kuwa yupo. Jioni za katikati ya wiki pabu nyingi huwa na chemsha bongo. Mnaunda timu, maswali yanasomwa, na wewe mtu wa jiografia na mito utakuwa lulu ya meza yenu.

Ukitaka kujua kwa nini wanaanza kunywa mapema hivyo, sababu moja ni vita. Katika Vita Kuu ya Kwanza serikali ilibana saa za kuuza pombe ili kazi za viwandani zisilale, na vita vilipokwisha mbano ukabaki. Mpaka 1988 pabu za Uingereza na Wales zilifungwa mchana, na mpaka Novemba 2005 nyingi zilifungwa saa tano usiku. Nami niliipiga kengele ile kwa mkono wangu: ya kwanza kuwaambia watu waagize mara ya mwisho, ya pili kusema muda umekwisha, kisha dakika ishirini za kumalizia. Zile dakika za kabla ya kengele watu walikuwa wakinywa kama wanaokimbizwa, halafu mji mzima ukamwagika barabarani kwa pamoja. Siku hizi kila nyumba ina saa zake za leseni, lakini mazoea ya kuanza mara kazi inapoisha hayajatoka.

Hayo yanakufaa wewe. Kaa nao kuanzia saa kumi na moja hadi saa mbili au tatu, mle pamoja, maana majiko mengi hufunga karibu na saa tatu usiku. Utakuwa umeipata pabu yenyewe. Watakapohamia baa za muziki mkubwa, waage kwa moyo mweupe. Usirudi peke yako kwa njia usizozijua. Teksi rasmi unaweza kuisimamisha barabarani; gari binafsi la abiria lazima liwe limeitwa kwa simu au kwa programu, na anayekwambia panda tu hapo nje bila kuitwa usipande. Dharura ni 999.

Dada wa Kigiriki naye mwambie kuhusu Angela. Ni mpango ulioanzia Lincolnshire mwaka 2016 ukaenea nchini: mtu akiwa hajisikii salama na aliyekaa naye, anakwenda kaunta na kumwulizia Angela, na wahudumu waliofundishwa wanajua anahitaji kutolewa hapo au kuitiwa gari.

Na wale wasichana waliotembea pekupeku. Mwaka 2003, Brixton huko London, Mchungaji Les Isaac alianzisha kazi ya watu wa makanisa kutoka usiku wa mwisho wa wiki na kuzunguka kwenye mabaa wakiwahudumia walioelemewa. Wanajiita Street Pastors na sasa wako katika miji mingi. Hawahubiri wala hawamkaripii mtu. Wanabeba maji, na wanabeba ndala, kwa ajili ya wasichana hao hao, wasikanyage chupa zilizovunjika. Kila nikiifikiria ile mifuko ya ndala napata nguvu. Kama siku moja utataka kuwa nje usiku kwa sababu yako mwenyewe na si ya wenzako, waulize.

Nimeliacha la baunsa makusudi, kwa sababu sitaki kulijibu haraka.

Huenda alikukatalia kadi. Umri wa kununua pombe ni miaka 18, lakini nyumba nyingi zinafuata utaratibu wa kumdai kitambulisho yeyote anayeonekana hajafika 25, na nyumba ikimuuzia mtoto inaweza kupoteza leseni. Kadi ya chuo hukataliwa mara nyingi. Wanataka pasipoti, leseni ya udereva, au kadi ya umri yenye alama ya PASS. Usitembee na pasipoti usiku, ukiipoteza safari imeharibika. Kwa kuwa unaishi huko mwaka mzima, omba kadi hiyo ya umri, au leseni ya udereva ya kujifunzia, kabla ya Pasaka.

Huenda pia alikukatalia rangi. Siwezi kukuapia kwamba sivyo, nami nimesimama kwenye milango ambayo wenzangu walipita na mimi nikabaki. Jambo hilo lina historia, nayo ina pande mbili. Mwaka 1943, Bamber Bridge, kijiji cha Lancashire ng'ambo ya milima kutoka hapo Leeds, palikuwa na kambi ya wanajeshi weusi wa Marekani. Wakubwa wao wa kijeshi walitaka pabu za pale ziwatenge watu weusi. Wenye pabu wakatundika vibao: wanajeshi weusi tu. Usiku wa tarehe 24 Juni polisi wa jeshi la Marekani waliwafuata askari weusi kwenye pabu ya Ye Olde Hob Inn, ugomvi ukaanzia hapo ukageuka risasi, na askari William Crossland akauawa. Wanakijiji walikuwa upande wa wale weusi. Lakini mwaka 1964, Bristol, Paul Stephenson, Mwingereza mweusi aliyekuwa ameongoza watu kususia mabasi mwaka uliotangulia, aliingia pabu ya Bay Horse, wakamtaka atoke. Akakataa, akakamatwa, akapelekwa mahakamani, kesi ikaanguka. Mwaka uliofuata, 1965, Bunge likapitisha sheria ya kwanza ya kukataza ubaguzi wa rangi katika mahali pa umma, pabu zikiwemo. Leo inayokulinda ni Sheria ya Usawa ya 2010.

Basi siku nyingine ukiwa na kitambulisho halali na bado ukazuiwa, usibishane naye pale. Baunsa lazima avae beji ya leseni yake inayoonekana, na ina namba. Iandike, andika na saa, mwombe mwenzako aliyepitishwa awe shahidi, na mlalamikieni mwenye nyumba kwa maandishi, kisha halmashauri ya mji, kwa kuwa ndiyo inayotoa leseni za kuuza pombe. Na mwenzako aliyepitishwa huku wewe ukibaki nje, mwambie wazi kwamba ungependa abaki nawe. Desemba uliwaambia waingie, wakaingia. Rafiki mwema naye huhitaji kufundishwa.

Tumalizie na njia yenu. Kabla ya safari jizoeze hapo hapo Leeds: nenda Whitelock's, kwenye kichochoro cha Briggate, nyumba iliyoanza 1715, yenye kaunta ndefu ya vigae na vioo. Nenda saa nane mchana siku ya kazi, peke yako, agiza ndimu na soda, kaa. Hutakuwa na wa kumridhisha, na utajua moyo wako unasemaje.

York wanajivunia kuwa na pabu ya kila siku ya mwaka. Mimi ningeanza na Blue Bell ya mtaa wa Fossgate, ndogo kama sebule, mbao zake ni zile zile za 1903. Kwa udogo ule ingieni wawili wawili. Jihadharini na Jumamosi na siku za mashindano ya farasi, maana treni na mji hujaa makundi yanayoaga ukapera, na pabu zile tulivu hazitambuliki. Panga York iwe katikati ya wiki.

Newcastle watu ni wakunjufu kuliko popote nilipoishi, na lafudhi yao itakushinda siku mbili za mwanzo. Bigg Market, mtaa wa mabaa, ndiyo ile Desemba yako mara kumi, ipite. Shukeni kuelekea mtoni muingie Crown Posada, nyembamba na ndefu, yenye vioo vya rangi kama kanisa, wanakopiga santuri kwenye gramafoni kuukuu. Kisha bonde la Ouseburn, kwenye muziki wa kupigwa mbele yako.

Edinburgh, kama mna usiku mmoja tu, iwe Sandy Bell's katika Forrest Road. Wapigaji fidla hukaa kwenye meza kama wateja wengine na kuanza, bila jukwaa, mmoja akianza wimbo wengine wanaufuata. Viti vya karibu nao waachieni, na msiongee juu ya wimbo. Nilikaa pale usiku mzima mwaka 1999 na glasi mbili za ndimu, na mzee aliyekuwa pembeni yangu hakuuliza ninakunywa nini. Aliuliza kwetu tunaimba vipi, nikamwimbia ubeti mmoja wa tenzi, taratibu, masikioni mwake tu.

Mama umpigie wewe mwenyewe kabla picha hazijafika kwenye simu yake. Mwambie unakwenda wapi, na katika glasi mna nini.